Siku Moja Bombay, Nje ya Hospitali

Katika majumba mengi ya pwani yetu, tangu Lamu hata Vanga, jina la Bombay halitajwi siku hizi ila pana mgonjwa. Husemwa kwa sauti ya chini: fulani amepelekwa Bombay. Hapo kila mtu hufahamu, na du'a huanza. Serikali ya huko iliubadilisha jina mji huo mwaka wa 1995 ukawa Mumbai, na hilo ndilo jina lililo kwenye tiketi za ndege. Lakini wazee wetu wamekataa kulisikia jina jipya, na kwa hakika wenyeji wengi wa mji wenyewe nao wamekataa vilevile.

Anayerudi kutoka huko hupokewa, hupewa pole, kisha huulizwa mji ukoje. Naye, ikiwa ndiye aliyekuwa akiuguza, aghalabu hana la kujibu. Amekaa wiki tano au sita katika mji wenye watu zaidi ya milioni 20 pamoja na vitongoji vyake, na alichokiona ni ukumbi wa kungojea, dirisha la kulipia, lifti na duka la dawa. Wenye kuuguza, kama tujuavyo, wengi wao ni wanawake. Makala haya nimeyaandika kwa ajili yao, na kwa ajili ya wanaume wawaruhusuo, au wasiowaruhusu, kutoka nje kupunga upepo.

Mwezi wa Januari nilifuatana na khalati yangu, ambaye mumewe alipasuliwa moyo katika hospitali moja ya mji huo. Serikali ya India hutoa viza maalumu kwa mgonjwa, na nyingine kwa jamaa wasiozidi wawili wa kumhudumia. Hao wawili tulikuwa sisi. Siku ya kumi na tisa mgonjwa alikuwa amekwisha kurudishwa kwenye wodi ya kawaida, anakaa kitako, anasali akiwa amekaa, na analalamikia supu. Daktari alisema hapana jambo jipya mpaka vipimo vya keshokutwa. Mgonjwa mwenyewe ndiye aliyetufukuza. "Nendeni mkaone watu," alimwambia mkewe. "Umenitazama usoni siku kumi na tisa, mimi nimechoka kutazamwa."

Khalati alikataa. Alisema atafurahi vipi na mwenziwe amelala na mshono kifuani. Nimelisikia neno hilo kwa wanawake wengi, nami naona lataka kuzungumzwa kwa uwazi. Dini yetu yaupa mwili haki juu ya mwenyewe, na hadithi juu ya jambo hilo ni mashuhuri. Muuguzaji asiyelala, asiyekula akashiba, asiyeona jua, siku ya saba huanza kusahau saa za dawa. Nilimwambia hivyo. Hakujibu, lakini baada ya sala ya Alfajiri nilimkuta amekwisha kuvaa buibui lake na viatu vya kutembelea.

Kwa asiyeujua, mji huu ni rasi nyembamba yenye bahari upande wa magharibi na bandari upande wa mashariki. Zamani vilikuwa visiwa saba. Watu wakajaza bahari mawe na udongo kwa miaka mingi hata vikashikana. Mitaa ya kale yote imo kusini, karibu karibu, na kwa hiyo siku moja yatosha kwa mtu asiyetaka kuona kila kitu. Kitu kimoja kitamshangaza mtu wa Mombasa: tuktuk, ambazo sisi tumezipata kutoka India, haziruhusiwi kuingia kusini mwa mji. Huko hupandwa teksi nyeusi zenye paa la manjano, nazo zina mita. Mwambieni dereva aiwashe kabla hamjaketi.

Tuliamkia Lango la India, saa moja na nusu, kabla watalii hawajawa wengi. Ni tao kubwa la mawe ukingoni mwa maji, lililojengwa kuwa kumbukumbu ya ziara ya Mfalme George wa Tano wa Uingereza mwaka wa 1911, na halikumalizika mpaka 1924, mfalme amekwisha kurudi kwake zamani. Mwaka wa 1948 kikosi cha mwisho cha askari wa Kiingereza kilitoka India kwa kupita chini ya tao hilohilo. Ni jengo zuri, lakini kwa kweli halikutuchukulia muda. Khalati aliligeuzia mgongo akawa anatazama maji tu, na vyombo vilivyotia nanga.

Naye alikuwa na haki. Maji yale yanatuhusu kuliko jiwe lile. Katika bandari iliyo jirani na hapo ndimo zilimokuwa zikiondoka meli za kampuni ya British India, Karanja na Kampala, zikija Mombasa, Unguja na Dar es Salaam, mpaka miaka ya sabini. Wazee wetu wanaokumbuka meli hizo wapo bado. Na kabla ya meli za moshi yalikuwapo majahazi, yakishuka kwetu na kaskazi, mwezi kama huo wa Januari tuliokuwa huko, na kurudi na kusi yakiwa na boriti, pembe na ngozi. Mtu wa pwani aliyekwenda Bombay kwa biashara hakuwa kioja. Kioja ni huyu wa leo, ambaye haendi ila kwa ugonjwa.

Kuna tarehe moja ambayo nilimsimulia khalati pale ukutani ikamchekesha kwa mara ya kwanza baada ya wiki tatu. Bombay, kama Mombasa, ilikuwa mikononi mwa Wareno, na miji yote miwili ilitawaliwa kutoka Goa. Sisi Wareno waliondolewa Ngome ya Yesu na Waarabu wa Oman mwaka wa 1698. Wenzetu wa Bombay hawakupiganiwa: mwaka wa 1661 mfalme wa Ureno alimwoza binti wa ukoo wake, Catherine, kwa mfalme wa Uingereza, na visiwa hivyo vikawa sehemu ya mali aliyokwenda nayo bibi arusi. Miaka michache baadaye, 1668, mfalme akaikodishia kampuni ya biashara kwa pauni 10 kwa mwaka. "Mahari ya kinyume," alisema khalati. "Mke aolewe, na mji atoe yeye!"

Kutoka hapo tulikwenda kutazama stesheni kuu ya gari la moshi, ambayo wakongwe huiita VT, yaani Victoria Terminus, na leo ina jina la mfalme Shivaji. Ilikamilika katika miaka ya 1880 baada ya kujengwa kwa muda wa kama miaka kumi, na tangu 2004 imo katika orodha ya urithi wa dunia, kama vile Mji wa Kale wa Lamu na Ngome ya Yesu. Ina minara, makuba, na wanyama na ndege waliochongwa kwenye mawe. Lakini ndani yake watu hawainui macho kutazama uchongaji. Kutoka karibu na mahali hapo ndipo lilipoondoka gari la abiria la kwanza la India, tarehe 16 Aprili 1853, likaenda Thane, umbali wa kilomita 34. Reli yetu ya Mombasa ilikuja baadaye zaidi ya miaka arubaini, nayo ilijengwa na vibarua walioletwa kutoka India.

Kwa miguu kutoka stesheni hata soko la Crawford ni mwendo wa dakika kumi, kumi na tano kwa anayesimama kutazama vitu, nasi tulisimama. Soko hilo ni la mwaka 1869; michoro ya mawe iliyo juu ya milango yake ni kazi ya Lockwood Kipling, baba yake mwandishi Rudyard Kipling. Matunda yamepangwa kama kwetu Marikiti, kwa ustadi wa wivu. Embe hazikuwapo kwa kuwa msimu wao ni kuanzia Aprili, na mwenye duka alituhurumia kama watu waliofika harusini baada ya pilau kuisha.

Karibu na hapo ni soko la nguo la Mangaldas, nalo, dada zangu, nawaonya: mkiingia na pesa hamtoki nazo. Ni vichochoro vilivyofunikwa paa, vibanda mamia, na wauzaji wameketi juu ya magodoro meupe, wakifungua jora baada ya jora hata uone haya kuondoka bila kununua. Khalati aliuliza hariri, akauliza pamba, akashika kitambaa kwa vidole viwili kama afanyavyo Biashara Street, akapunguza bei kwa Kiswahili, muuzaji akashikilia bei kwa Kihindi, na wakafahamiana. Si ajabu. Katika karne ya kumi na tisa, baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani kuvuruga biashara ya merikani, viwanda vya pamba vya Bombay viliingia katika nafasi hiyo, na nguo zake zikavaliwa pwani yetu yote. Viwanda hivyo vilianguka baada ya mgomo mkubwa wa mwaka 1982, na mahali vilipokuwa pamejengwa maofisi na maduka ya anasa. Lakini leso nyingi tunazojifunga leo bado huchapwa India.

Nyuma ya vitambaa, katikati ya zogo la wauza dhahabu na wachukuzi, umo Msikiti wa Jamii wa Bombay. Ulimalizika kujengwa mwaka wa 1802 juu ya birika la kale, hata ukiingia uani wautazama msikiti kama uliosimama juu ya maji: nguzo zimeshuka ndani ya birika, samaki wanapita kati yake, na watu hutawadhia hapo. Sisi tuliyaona hayo kutoka mlangoni tu, kwa hisani ya mzee mmoja wa makamo aliyetufungulia pazia. Misikiti mingi ya mji huu haina mahali pa wanawake, na anayetoka pwani, hasa aliyezoea misikiti yetu ya siku hizi yenye ghorofa au pazia la wanawake, atalihisi jambo hilo. Alihisi khalati. Hakusema kitu mbele ya mzee yule. Alisema tulipofika barabarani, na aliyoyasema nayaacha hapo barabarani.

Mzee yule hata hivyo alituambia jambo lililotuunganisha. Msikiti huo ni wa Wakokni, Waislamu wa mwambao wa Konkan, ambao mababu zao walichanganyika na Waarabu waliokuja kwa bahari. Wao ni Mashafi. Waislamu wengine wengi wa Bombay ni Mahanafi, lakini watu wa mwambao wamefuata madhehebu ileile iliyofuatwa na mwambao wetu, wa Hadhramaut, na wa Malabar. Madhehebu ilisafiri na jahazi. Ukitazama ramani kwa jicho hilo, Bahari ya Hindi ni kama ua wa nyumba moja.

Hilo pia ni jambo la kutumika, si la historia peke yake. Anayekaa mahali kwa nia ya siku nne kamili au zaidi, katika madhehebu yetu, si msafiri tena. Hapunguzi sala wala hazikusanyi. Muuguzaji aliyekuja kwa mwezi mzima atapaswa kujua kila sala atasali wapi. Sisi tulirejea chumbani kwetu, karibu na barabara ya Mohammed Ali, tukasali Adhuhuri, tukala wali na dengu, tukapumzika. Na Alasiri tuliisali mapema kwa saa ya Kishafi, kabla adhana za Kihanafi hazijaanza, kwa kuwa kwao wakati huingia baadaye, kivuli kikiwa maradufu. Tukapata mwanga wa kutosha kutoka tena.

Siku ile ilianza upya kwa khalati katika behewa la wanawake.

Tulipanda stesheni ya Marine Lines, tiketi rupia 5, kwenda Mahalaxmi, stesheni ya nne kutoka hapo. Magari ya moshi ya mjini hubeba watu milioni kadhaa kila siku, na asubuhi na jioni mtu hasimami ndani yake bali huchomekwa. Kwa hiyo kila gari lina mabehewa ya wanawake peke yao, na wanaume haliwahusu. Tena tangu 1992 yako magari mazima yasiyopakia ila wanawake. La kwanza lilienda kati ya Churchgate na Borivali. Tulipanda saa kumi na robo, kabla ya msongamano, na hata hivyo tulisimama. Humo ndani mwanamke mmoja alikuwa akimenya maharagwe ya jioni katika mfuko. Mwingine alisoma Qur'ani ndogo kwa macho tu, midomo ikienda. Wasichana wawili walilala wima, kichwa cha huyu begani mwa yule. Mchuuzi, naye mwanamke, alipita na pini za nywele, vipuli na miswaki, vyote vimetundikwa kwenye waya kubwa, na watu wakampisha kama apitapo mwenye nyumba.

Mama mmoja aliona hatujui pa kushika akamsukuma binti yake, khalati akaketi. Lugha ilitushinda, mpaka khalati alipoonyesha nje kwa kidole akasema "gari." Yule mama akacheka: "Gaadi!" Basi wakaanza. Duka na dukaan. Pesa na paisa. Dobi, chai, chapati, kachumbari, laki, bima. Kila neno moja lililopatikana lilishangiliwa na behewa zima. Khalati, ambaye kwa wiki tatu alikuwa mtu wa kuelezwa mambo na madaktari kupitia kwangu, alikuwa amepata kuzungumza bila mkalimani. Stesheni nne ni dakika kumi na mbili hivi. Tuliposhuka alikasirika kuwa zimekwisha.

Neno la tahadhari kwa atakayejaribu: milango ya magari mengi haifungwi, na gari hukaa stesheni kwa muda mfupi mno. Usipande kati ya saa kumi na moja na saa mbili za jioni, wala asubuhi wakati wa kazi, na ukiwa na mtoto mchanga chukua teksi.

Darajani, penye stesheni ya Mahalaxmi, watu husimama kutazama chini, na kilicho chini ni hao dobi wenyewe: uwanja mkubwa wa mabirika ya saruji, yote wazi, ambako wanaume wamezama hadi magotini wakizipiga nguo kwenye mawe, na juu yao kamba za mashuka ya hospitali na mahoteli, meupe, marefu, kama matanga. Kazi hiyo ipo mahali hapo kwa zaidi ya karne. Tulitazama dakika chache tukaondoka. Sipendi kumtazama mtu anayefanya kazi ngumu kama atazamwavyo mnyama, na watalii waliokuwa pale na kamera zao hawakunipendeza.

Kutoka hapo, kwa teksi, ni karibu sana na Haji Ali, na hapo ndipo khalati alipokuwa amepania tangu asubuhi. Mamake alikuwa akipataja.

Ni msikiti mweupe na kaburi, vimejengwa juu ya mwamba baharini, na kutoka pwani njia nyembamba ya mawe yaingia majini kuufikia. Maji yakijaa njia hufunikwa, na aliye ndani hungoja yatoke. Kwa watu wa maji kama sisi si jambo la kutisha, lakini ulizeni saa za kujaa na kupwa kabla ya kwenda. Aliyezikwa hapo ni Sayyid Haji Ali Shah Bukhari, mfanyabiashara wa Bukhara ambaye, kwa masimulizi ya wenyeji, aliacha mali yake akaenda Makka, kisha akaishi katika mji huu. Jengo la kwanza lahesabiwa kuwa la karne ya kumi na tano. Njiani wameketi maskini wa kila namna, na watu wenye meza ndogo wanaobadilisha noti kuwa sarafu, ili mtoaji awagawie wengi. Waislamu, Mabaniani, Wakristo, wote huenda.

Najua kuwa ziara za makaburi zatugawa. Yuko kati ya wasomaji anayehudhuria Maulidi ya Lamu na kulizuru kaburi la Habib Swaleh kwa mapenzi, na yuko anayeona kuwa hayo ni mlango wa shirki. Makala ya matembezi si mahali pa kuuamua mjadala huo. Nitasema tu kuwa kumsalimia maiti, kumwombea na kukumbuka mauti ni jambo moja, na kumwomba maiti haja ni jambo jingine, na pale Haji Ali niliyaona yote mawili.

Ninalotaka msomaji alijue ni la wanawake. Kwa miaka mingi wanawake waliingia mpaka ndani, penye kaburi. Kisha, kati ya 2011 na 2012, wadhamini wa mahali hapo wakawapiga marufuku kuingia chumba hicho. Walisema mwanamke kulikaribia kaburi la mwanamume mwema ni dhambi kubwa, na wakataja pia usalama wao. Wanawake wawili Waislamu, Noorjehan Safia Niaz na Zakia Soman, wa chama cha wanawake wa Kiislamu, walipeleka jambo hilo mahakamani mwaka wa 2014. Hawakusema wanaiasi dini. Walisema jana tuliingia, leo twazuiwa, na wenye kuzuia hawajatuonyesha hoja. Tarehe 26 Agosti 2016 Mahakama Kuu ya Bombay ilitoa hukumu kuwa marufuku hiyo yapingana na katiba. Wadhamini walikata rufani, kisha Oktoba, mbele ya Mahakama ya Juu, wakakubali wenyewe kuondoa marufuku. Mwishoni mwa Novemba mwaka huohuo kundi la wanawake kiasi cha themanini likaingia pamoja. Mpango mpya ni kwamba hapana anayeligusa kaburi: mwanamume na mwanamke wote husimama mbali kidogo.

Binafsi sina hamu ya kuingia makaburini, wala sikuwahi kudhani kuwa heshima yangu ya Kiislamu hupimwa kwa mlango huo. Lakini naona suluhu ya mwisho ilikuwa na adabu. Kama kukaribia sana si vizuri, basi wote wasikaribie sana. Laiti wadhamini wangelifikiria hilo mwaka wa 2012, wasingelihitaji jaji wa kuwafundisha.

Tuliingia kwa mlango wa wanawake. Mimi nilisoma Fatiha nikatoka nje kwenye upepo. Khalati alichelewa. Nilimwona kwa mbali, amesimama mikono imeinuka, ameelekea kibla na si kaburi, na mabega yake yakitikisika. Alikuwa hajalia hata siku moja tangu tulipotoka Mombasa. Hospitalini alikuwa akiniambia kuwa mtu akilia mbele ya mgonjwa humwongezea ugonjwa. Sikumfuata. Mwanamke wa Bombay asiyemjua alikuja akasimama karibu naye, bila kumgusa wala kusema naye, mpaka alipomaliza, kisha akaenda zake.

Jua lilikuwa linazama nyuma ya njia mpya ya magari, iliyofunguliwa mwaka wa 2024, ambayo sasa imepita baharini mbele ya mahali hapo ikaupunguzia uzuri. Kando ya barabara wanauza maji ya matunda. Tulikunywa ya sitaphal, jina ambalo kwetu limekuwa stafeli. Ila kwao ni tunda jingine, ni topetope letu hili, limechanganywa na malai mazito. Khalati alisema kwao wametunyang'anya jina. Nilimwambia huenda sisi ndio tuliowanyang'anya.

Magharibi tuliiwahi chumbani kwa taabu, maana foleni ya magari ya jioni ni ile tuijuayo Nyali, mara kumi. Baada ya Isha tuliteremka barabara ya Mohammed Ali, iliyopewa jina la Maulana Mohammad Ali Jauhar, mmoja wa viongozi wa harakati za Khilafa. Usiku mtaa huo ni mishikaki, nihari, na harufu ya mkaa kila pembe. Ramadhani, wasema wenyeji, haulali kabisa. Karibu na msikiti wa Minara twalikuta sufuria pana la mafuta ambamo hukaangwa malpua, kama chapati za maji zilizonona, na firni iliyogandishwa katika visahani vya udongo. Chukueni firni. Malpua moja yawatosha watu watatu.

Asubuhi yake mgonjwa alitaka kusimuliwa. Mkewe aliketi kwenye kiti kilekile cha siku zote, akaanza na yule mama wa maharagwe kwenye gari la moshi, akachukua nusu saa nzima kabla hajafika stesheni ya pili. Muuguzi alipokuja na dawa, khalati alimwonyesha kidonge cheupe akamwambia kwa Kiswahili kuwa hicho ni cha saa nne, bado.